Ukingo wa Majani ya Isale

Siku ya kwanza kuingia karakana ya uchapaji nilipewa ufagio. Nalisema hilo mapema kwa sababu nawasikia watu wakiwaambieni kwamba Mjerumani alitufungulia shule ya ufundi kwa mapenzi. Mapenzi gani. Shule ilikuwa ya misheni, upande wa Meru, juu ya pale mnapopaita Maji ya Chai. Wavulana tuliokwisha kujua kusoma tuligawanywa: wengine useremala, wengine kushona viatu, na sisi wachache uchapaji na uchoraji. Nyinyi wa mchepuo wa sanaa za biashara mnakaa kwenye madawati na penseli za rangi. Sisi tulisimama tangu asubuhi hadi kengele ya jioni, na aliyeegemea meza alichapwa.

Kazi yenyewe naipenda mpaka leo, sitawadanganya. Fundi Mkuu, Mswahili wa Tanga, mtu wa swala tano na maneno machache, alitufundisha kupanga herufi za madini ya risasi moja moja, mstari ukionekana kinyume ili ukichapwa usomeke sawa. Kisha tukajifunza kuchonga picha. Unachora juu ya kibao cha mti mgumu, unaondoa kwa patasi kila pasipotakiwa wino, na kinachobaki kimesimama ndicho kinachochapa. Alitukataza kujaza ukurasa.

"Karatasi si gunia," alisema. "Usiishindilie."

Mkubwa wake alikuwa Mwalimu wa Karakana, Mjerumani aliyekijua Kiswahili kuliko wengi wetu. Siku moja aliniuliza habari za isale, lile jani refu tunalopanda kwenye mipaka ya mashamba. Nikamweleza kwa furaha, mjinga mimi. Kwetu Wameru, aliyekukosea akikujia na isale mkononi amekwisha kukiri kosa na anaomba msamaha. Hata kama ameua, humgusi. Mnakaa chini mnazungumza. Akauliza nani hulibeba, hulishikaje, na je, mtu anaweza kulikataa. Nikamjibu kwamba halikataliwi. Nilidhani anazipenda mila zetu.

Wiki ile ile akaniagiza nichonge ukingo wa majani ya isale, yaani pambo la kuzunguka maandishi pande zote nne.

"Wa nini, Bwana?" nilimuuliza.

"Wa kitabu cha nyimbo."

Nilichonga kwa moyo wote, hadi mishipa ya majani ikaonekana.

Wakati huo wazee wengi walikuwa wamejificha msituni mlimani, baba yangu akiwa mmoja wao. Askari wa boma la Wajerumani walikuwa wamechoma nyumba zao na kuswaga ng'ombe wao, na sasa boma lilitaka watu wa kujenga barabara. Kila akida, mtumishi wa boma, alipopanda huko alikuta vijiji vitupu.

Asubuhi moja nikakuta mashine inatoa tangazo la Bwana Shauri, mkuu wa boma la Arusha. Lilisema kila mwanamume mzima ashuke kwa kazi ya barabara, na asiyetii atapigwa viboko. Maneno hayo yote yalikuwa yamezungukwa na majani yangu.

"Fundi, simamisha mashine," nilisema. "Watu wetu hawajui herufi, lakini jani hili watalisoma. Watafikiri boma linaomba radhi."

Fundi Mkuu hakuinua macho. "Mwanangu, nimekwisha kumwambia Mwalimu hivyo hivyo. Amenijibu kwamba analijua hilo."

Matangazo yakabandikwa masokoni na njia panda. Habari za jani zikawafikia wazee msituni, wakashuka bila mikuki, wamevaa kama watu wanaokwenda barazani, wakitumaini kurudishiwa ng'ombe wao. Niliposikia, nilikimbia kuwawahi. Niliwakuta ng'ambo ya mto Themi, wamekwisha kufungwa kamba shingoni. Baba aliniona, nguo zangu zimejaa wino.

"Niliwaambia wenzangu mwanangu yuko pale karakanani," alisema. "Niliwaambia hapatatoka uongo."

Askari akamsukuma, wakaendelea na safari.

Nilirudi nikamkabili Mwalimu wa Karakana mezani kwake. "Bwana, uliniambia ni kitabu cha nyimbo."

Alikuwa anakata karatasi, na aliendelea kukata. "Umechonga vizuri sana," alisema. "Tangazo zuri ni lile linaloleta watu. Hilo ndilo somo la leo."

Nikamwambia mbele ya darasa zima kwamba yeye ni mwongo. Nilichapwa, kisha nikapelekwa bomani kuchapa vibandiko vya magunia ya kahawa na mpira, na huko nilikaa mpaka vita vilipowafukuza Wajerumani. Mwalimu wa Karakana alirudi kwao salama, na vibao vyetu alivifunga akaenda navyo, awaonyeshe jamaa zake kazi ya wanafunzi wake.

Nikiwa bado bomani, baba alitoka kwenye kazi ya barabara mgongo umepinda. Uongo haukuwa wangu, lakini mkono uliochonga ulikuwa wangu, kwa hiyo nilikata isale nikamwendea kama mila inavyotaka. Alikuwa amekaa mlangoni. Hakunyoosha mkono kulipokea lile jani.

"Lipeleke bomani," alisema. "Ndiko majani haya yanakotoka siku hizi."

Akaingia ndani. Sikuwa nimewahi kusikia isale likikataliwa, na wala wazee wa ukoo hawakuwa wamesikia.

Baada ya hapo nilifanya kazi chini ya Waingereza, nikapanga kurasa za vitabu vya shule hadi macho yaliponikatalia nikastaafu. Kila mteja aliyenitaka nimchongee picha nilimdai kwanza maneno yatakayokaa nayo, na walioona nawasumbua waliondoka. Fanyeni hivyo na nyinyi, hata mwalimu wenu akinuna.

Baba alikufa hajapokea jani langu. Wenzangu wa kanisani huniambia, "Mzee, samehe, Wajerumani walikwisha kuondoka." Wanasema kwa upole, nami hasira inanipanda upya. Kwetu msamaha huombwa, na anayeuomba huja mwenyewe kwa miguu yake. Mimi nipo, nyumba yangu inajulikana, na mpaka leo hajaja mtu.