Shikamoo Juu ya Mkanda

Programu ya kwanza niliyoandika mwenyewe ilikuwa ya mkanda unaobeba magunia ya mashudu, makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, katika kiwanda cha alizeti Katesh. Jicho la umeme lililofungwa kando ya mkanda likizibwa zaidi ya sekunde mbili, maana yake gunia limekwama, na mkanda unasimama. Lakini kila asubuhi ulisimama bila gunia lolote.

Siku moja nilikaa nikaangalia. Vijana wa zamu walikuwa wakimpa shikamoo mama anayeshona magunia upande wa pili, mkono juu ya mkanda, mbele ya jicho. Mama haachii mkono upesi. "Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo? Ng'ombe je?" Mkanda ukasimama.

"Dogo, kesho ukisimama tena naifuta programu yako, naandika yangu," fundi aliyenifundisha akasema.

Kumwambia mama afupishe salamu nisingeweza. Kesho yake nilitangulia wenzangu, nikazunguka mkanda, nikamsalimia nikiwa upande wake.

"Leo mpaka huku? Umekuja kuposa?" akacheka.

Nilicheka naye. Wenzangu wakanifuata mmoja mmoja, na nyuma yetu magunia yaliendelea kupita.