Shahidi Aliyelaliwa na Landrova

Evarista alikuwa chini ya Landrova. Mguu wa kushoto ulibanwa na fremu ya mlango, shavu limezama kwenye tope, na ulanzi wake mwenyewe, pombe ya mianzi, ulikuwa unamdondokea sikioni. Dereva akapiga magoti mbele yake. Mtu mwenye akili timamu angeanza na pole. Huyu alianza hivi:

"Mama, wakikuuliza, sema ulikuwa unatembea kwa miguu."

"Nini?"

"Hukuwa ndani ya gari. Ulikuwa unapita zako kando ya njia. Nakuomba, mama. Wakijua nimepakia mtu, kazi sina."

"Nitoe kwanza!"

"Kubali kwanza, mama."

Akakubali. Angeambiwa akubali kuwa yeye ni askofu, angekubali na kutoa baraka papo hapo. Ukiwa na gari zima juu ya mguu, huchagui maneno.

Evarista alikuwa mjane wa upande wa Mufindi, mwembamba, mrefu, mwenye ulimi ambao hata katekista aliuogopa. Mumewe alimwachia nyumba ukingoni mwa bonde na mianzi kule chini bondeni. Kugema ni kazi ya wanaume, lakini mwanamume alikuwa amekwenda kaburini, basi akashika kisu akateremka mwenyewe asubuhi na jioni, anachonga ncha za mianzi michanga na kutega mbeta zake, vile vikombe vya mwanzi vinavyokinga ulanzi. Watu wakanong'ona: mwanamke gani anagema? Akawajibu, "Mianzi haijaniuliza."

Masika ile ya mwaka sabini na tatu ulanzi ulitoka kama vile umetumwa. Shida ya ulanzi haujui kusubiri. Asubuhi ni mtamu wa watoto, jioni unaangusha wazee, ukiuchelewesha unakuwa siki. Wanywaji wazuri walikuwa kambini, kule walikovunja kokoto za reli mpya, na kambi ilikuwa mbali na njia kuu, huko ndani kwenye barabara ya udongo. Kwa kichwa alifikisha debe moja, tena limeshachacha. Ndipo akajuana na Asukile.

Asukile alikuwa Mnyakyusa wa Ilomba, dereva wa mradi mmoja wa kupanda miti wenye ofisi yake Mbeya. Alipita akitoka Mafinga na miche ya misindano. Alikuwa Mmoraviani wa kweli, pombe hajawahi kuonja, lakini moyo wake ulikuwa laini kama ugali wa mgonjwa. Alimwona mama na debe kichwani, akasimama. Siku nyingine akasimama tena. Mwishowe ikawa desturi: anaacha njia yake, anamfikisha Evarista kambini, anarudi barabarani kama hakuna kilichotokea.

Siku ya ajali nyuma ya gari kulijaa miche, hata paka asingepata pa kukaa. Madebe yakapanda juu, kwenye keria, yakafungwa kwa kamba.

"Mama, manne ni mengi," Asukile alisema. "Juu kutakuwa kuzito."

"Juzi ulibeba matatu hukulia. Moja tu ndilo litakuua?"

Akafunga la nne. Mvua ilikuwa imeipaka ile barabara mafuta. Kwenye kona ya mteremko, Asukile alikwepa korongo, akakata usukani kulia, na kule juu ulanzi ukahama kushoto. Landrova ni gari la porini, lina nguvu, linapanda mpaka mahali ambapo mbuzi anafikiria kwanza, lakini ukilipa uzito kichwani linakuwa kama mtu aliyebeba mtungi huku anacheza ngoma. Lililala ubavu taratibu kabisa, kama ng'ombe.

Wavunja kokoto walisikia kishindo, wakaja mbio. Wengine walishika gari, wengine, Mungu awasamehe, walishika madebe, kwa sababu mawili yalikuwa bado mazima pale kwenye keria. Walipomtoa Evarista, Asukile alikuwa amekaa kwenye majani anatetemeka, meno yanagongana, hawezi kutamka hata jina lake. Sasa kule kwetu mtu aliyepatwa na mshtuko haachwi hivihivi koo kavu. Mzee mmoja akachota kikombe. "Kunywa, mwanangu, upoze moyo." Akanywa. Wakampa cha pili. Polisi walipofika, wanywaji wote walikuwa wameyeyuka, maana hakuna aliyetaka kuulizwa alikuwa anakunywa nini saa za kazi. Wakakuta dereva ananuka ulanzi, ulanzi umefungwa juu ya gari lake, na mwanamke kavunjika.

Hospitali wakamfunga Evarista plasta toka nyonga mpaka vidoleni. Daktari alisema mguu utaunga lakini utakuwa mfupi, na mambo ya kupanda na kushuka mabonde asahau. Polisi akaja na kalamu yake: ulikuwa wapi? Evarista akasema alikuwa anatembea. Alikuwa ameahidi, na yeye hakuwa mtu wa kugeuza neno. Madebe ya nani? Akasema hajui. Akajiona amemsaidia kijana wa watu.

Ilipita wiki kabla hajajua amefanya nini. Ofisi ya mradi ilimtuma Bwana Crispin, mtu wa shati jeupe na mkoba, akasimama mbali kidogo na kitanda kama vile mguu mfupi unaambukiza.

"Ndugu Evarista, msimamo wako ni mzuri. Mtu wa miguu bima inamtambua. Utalipwa mguu wako, tena vizuri."

"Na angekuwa ndani ya gari?"

"Ndani ya gari la mradi, bila kibali? Huyo kajipakia mwenyewe. Halipwi hata bandeji." Akamtazama. "Kwani kulikuwa na mtu ndani?"

"Nauliza tu."

"Hapo sawa."

"Na dereva je?"

"Dereva ameacha njia ya kazi, amelewa, anafanya biashara ya pombe na gari letu, amegonga raia. Atafungwa." Alisema hivyo kama mtu anayesema kesho itanyesha. Akaacha mche wa sabuni kwenye stuli, akaenda zake.

Evarista akabaki anaangalia dari. Plasta ilikuwa imemshika kuanzia nyonga kwenda chini, na neno lake lilikuwa limemshika kuanzia hapo kwenda juu. Akisema alikuwa ndani, madebe ni yake, Asukile hakunywa mpaka gari lilipolala, basi kijana anapona jela, na yeye anarudi nyumbani na mguu mbovu, mikono mitupu, tena na kosa la kudanganya polisi. Akinyamaza, analipwa, na kijana aliyemwonea huruma barabarani anakwenda kuvaa kaptula za gereza. Alijaribu kulala chali, akashindwa. Alijaribu ubavu, plasta ikakataa.

Shemeji yake, Liberatus, mdogo wa marehemu, alikuja na viazi, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, mguu huo sasa ndio shamba lako," alisema. "Usilichome moto."

"Na yule kijana?"

"Si yeye aliyekwambia useme hivyo? Umesema. Kosa lako lipi?"

Ilikuwa kweli, na ukweli wake haukumsaidia kitu.

Halafu akaja Esta, mke wa Asukile, toka Ilomba kwa basi, mtoto mgongoni, kitambaa kichwani kimekaa upande.

"Wewe ndiye uliyegongwa na mume wangu?"

"Ndiye mimi. Karibu, keti."

"Sikuja kukaa. Mume wangu hajui pombe. Kanisani wameshamtenga kwa pombe asiyoijua. Nikienda mahabusu analia tu, ananiambia, muulize yule mama. Basi nakuuliza. Alikunywa wapi?"

Evarista akageuzia uso ukutani.

"Nikuulize mara ya pili?"

"Una watoto wangapi?"

"Usinihesabie watoto, mama. Nijibu."

"Mdogo wangu," Evarista akasema, bado anauambia ukuta, "nikikujibu, sina mguu na sina malipo. Nisipokujibu, wewe huna mume."

"Basi umeshanijibu." Sasa ndiyo Esta akakaa, pale pale ukingoni mwa kitanda. Akamtikisa mtoto. Kisha akasema jambo ambalo Evarista hakulitegemea. "Ningekuwa mimi, ningenyamaza. Kabisa. Ndiyo maana nimekuja uniangalie usoni, ili kunyamaza kukuwie kugumu."

"Una roho mbaya, wewe."

"Ninayo. Unataka maji?"

Siku ya kesi, Mafinga, Evarista aliingia mahakamani na magongo mawili. Bwana Crispin alikuwa mstari wa mbele na mkoba wake. Asukile alikuwa kizimbani, amekonda, anaangalia vidole vyake.

"Shahidi," mwendesha mashtaka akauliza, "ulikuwa unatembea upande gani wa barabara?"

Swali jepesi. Kulia au kushoto, basi, mguu unalipwa. Evarista alifungua kinywa aseme kushoto. Kushoto hakukutoka.

"Sikuwa natembea," akasema. "Nilikuwa nimekaa mbele, karibu na dereva. Madebe ni yangu."

Pakawa na kelele. Hakimu akagonga meza.

"Polisi wameandika ulikuwa unatembea."

"Niliahidi hivyo nikiwa chini ya gari, mheshimiwa. Waliponitoa niliona aibu kugeuka."

"Unajua kudanganya polisi ni kosa?"

"Nimejua sasa hivi ulivyonitazama."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. "Mshtakiwa alikunywa lini?"

"Gari likiwa limeshalala. Alikuwa anatetemeka, wakampa kikombe. Hajui hata kunywa, alikunja uso kama mtoto aliyepewa kwinini."

"Na nani alifunga mzigo ule juu?"

Evarista akageuza shingo kizimbani. Asukile aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Alifunga yeye," Evarista akasema. "Alisema manne ni mengi. La nne nililazimisha mimi."

Ulevi ukafutwa. Kugonga mtu wa miguu kukafutwa, kwa kuwa mtu wa miguu hakuwapo. Yaliyobaki yalikuwa kuendesha bila uangalifu, kuzidisha mzigo juu na kupakia abiria bila ruhusa: Asukile akapigwa faini, leseni ikachukuliwa, na mradi ukamwachisha kazi siku hiyo hiyo. Evarista akaonywa kwa maneno makali yaliyochukua muda mrefu. Bwana Crispin alifunga mkoba wake, akapita karibu naye kama anapita karibu na nguzo.

Nje, Asukile alisimama mbele yake. Hakujua aweke wapi mikono.

"Mama, umenitoa jela ukaniingiza njaa."

"Na mimi nimejitoa wapi, wewe? Nionyeshe nami nipaone."

"Sina maana mbaya, mama."

"Najua. Ungekuwa nayo usingenisimamia barabarani hata siku moja." Akavuta pumzi. "Nenda kwa mkeo. Anakusubiri, na roho yake mbaya."

Esta alikuwa chini ya ukuta. Hakusema asante. Alikuja akamfunga Evarista kanga iliyokuwa imelegea kiunoni, akaikaza vizuri, akamshika mumewe mkono, wakaelekea kituoni kutafuta basi la Mbeya.

Liberatus alileta baiskeli. Alimpandisha shemeji yake nyuma kwenye keria ya baiskeli, magongo akayafunga ubavuni. Alikuwa amekasirika, na alikuwa ameshamwambia kwamba mianzi ataigema yeye, mgawanyo nusu kwa nusu, hakuna mjadala. Evarista, ambaye hakuwahi kukosa mjadala maishani, alikubali. Mguu ulikataa kukunjwa. Ukatokeza pembeni, mgumu, unakata njia nzima, na kila waliyekutana naye alilazimika kuingia majanini.

"Kamwene, mama Evarista!" wakasalimia. "Habari za mahakamani?"

"Kaa mbali na mguu wangu," akawajibu mmoja mmoja. "Hauna bima."

Liberatus alikanyaga pedali, mlima ukaanza, na mbele walipofika penye kupanda zaidi akashuka akasukuma, kwa sababu yeye Evarista hakuweza kushuka.