Harrison Mbwambo na Sauti ya Pili

Harrison Mbwambo alipuliza saksafoni katika bendi ya shirika la umma kule Dar es Salaam, enzi ambazo wapuliza ala walisimama mstari mzima mbele ya jukwaa, suti moja, viatu vinang'aa. Siku hizi bendi ni kijana mmoja na kompyuta. Nayasema haya kwa sababu wajukuu zetu hapa Peckham, London, hudhani tulizaliwa tukiwa madereva wa basi na wafagiaji wa uwanja wa ndege wa Heathrow.

Saksafoni haikuwa yake. Ndiyo iliyokuwa desturi: ala ni mali ya shirika, nyimbo ni mali ya shirika, na redioni hutajwa jina la bendi tu. Siku alipoacha kazi, katibu wa shirika alimpokonya saksafoni mlangoni. Harrison akaomba abaki na kipulizio, kile kipande kinachoingia mdomoni, ambacho alikuwa amekiuma ujana wake wote. Katibu akasema nacho ni cha shirika.

Alipofika London alinunua saksafoni kabla ya kitanda. Kisha akanunua vitabu, vile vinavyofundisha kwamba mtu ni mali yake mwenyewe, kwamba serikali ni mwizi mwenye muhuri, na kwamba jamii ni neno la wavivu. Mimi naye tulibishana miaka mingi katika duka la vyakula la Léocadie, mama wa Kikongo aliyeolewa na Elinaja, mpiga tarumbeta wa bendi ileile. Elinaja alikuwa akikaa katikati yetu akicheka.

"Harrison, eti humdai mtu wala hudaiwi?" nilimuuliza siku moja.

"Sidaiwi. Hata kinyozi namlipa."

"Na mkunga aliyekupokea, ulimlipa nini?"

"Sikumwita mimi."

Kisha mapafu ya Elinaja yakaisha. Kabla hajafariki alimwambia mkewe neno moja: siku ya kumzika, ule wimbo ambao bendi yao ilikuwa ikifungia dansi upigwe na watu, si mashine. Léocadie akauchukua wosia huo kama kiapo. Akampata Tarsem wa Southall, Mpunjabi aliyezaliwa Kenya na kupiga gitaa la besi Nairobi ujanani. Akampata na mpiga tarumbeta wa kanisani. Mazoezi yakapangwa Jumamosi. Harrison hakutokea. Nikaandamana na Léocadie hadi kwake.

"Kaka Harrison, watu wanakungojea. Mwenzako alisemaka mupige wote."

"Shemeji, nitapiga. Lakini kundi silitaki tena. Nitasimama peke yangu, kwa hiari yangu. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo."

"Heshima ya nani?"

Tarsem alipoambiwa alifunga gitaa lake. "Mzee apige na kivuli chake, basi," akasema, akaenda kupanda treni. Yule wa tarumbeta naye akaondoka.

Siku ya maziko Harrison alisimama kanisani, kando ya jeneza, suti imepigwa pasi, akaanza. Watu wakatazamana. Nyumbani kwake alikuwa akijizoeza kwa kufuatisha kaseti ya bendi, na kwenye kaseti wimbo wenyewe hubebwa na tarumbeta ya Elinaja. Saksafoni ya Harrison ilikuwa sauti ya pili, ya chini, inayofuata. Nilimwona akiitafuta sauti ya kwanza, jasho likimtoka kwenye paji la uso, lakini vidole vilikwenda vilikozoea. Ukawa wimbo usio na wimbo. Kisha akafika pale tarumbeta inapojibu, akanyamaza, akangoja.

Kanisa zima likangoja naye.

Akaanza tena, akafika palepale, akanyamaza tena. Mama mmoja nyuma yangu aliuliza huu ni wimbo wa dhehebu gani.

Léocadie akamgeukia mjukuu wake, Daisy. "Weka ile ya bendi, kwenye simu."

Msichana akamjibu kwa Kiingereza kwamba babu alikataza mashine.

"Weka."

Tarumbeta ya Elinaja ikatoka katika spika ndogo kama kopo la maziwa. Wazee wakaitambua, wakaanza kuyumba vitini. Harrison alibaki amesimama, saksafoni imening'inia shingoni. Nilitaka kumkasirikia. Lakini chini ya tarumbeta ile nilimsikia yeye wa enzi zile, safi, mvumilivu, akimwinua mwenzake kila alipovuta pumzi. Alikuwa mpigaji hasa. Mle kanisani hamkuwa na mwingine aliyesikiliza sauti ya chini.

Tulirudi kwa basi. Alipakata sanduku la saksafoni kama mtoto mgonjwa.

"Umenisikia kwenye simu?" akauliza.

"Nimekusikia."



"Wangeniachia hata kipulizio," akasema, "ningekuja mazoezini."

Yule katibu ni marehemu siku nyingi, na shirika lenyewe liliuzwa.