Aliyeketi Kwenye Kigoda cha Marehemu

Anayetaka kunicheka acheke sasa amalize, maana haya yalinikuta mimi mwenyewe, mbele ya ndugu na watu wa kanisa langu, mikrofoni ikiwa imewashwa.

Mjukuu wangu Sekela, ninayeishi naye hapa Tunduma, ana kikundi cha vijana wanaotengeneza programu ya simu ya kufundisha Kindali, lugha yetu, ya bure na iliyo wazi, yaani yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani akairekebisha. Sekela alipewa kuchora picha ya mwanzo (kazi yake ya kwanza kukubaliwa popote, hata kula alikuwa anasahau). Sharti lao lilikuwa moja: picha nazo zichorwe kwa programu huru tu, ili mwenzao wa Isongole akiona kosa aifungue picha alisahihishe.

Nikamwambia, "Jembe ni jembe. Mahindi hayaulizi limenunuliwa wapi."

Akanijibu, "Bibi, likiwa la kuazima, mwenyewe akilifungia ndani utalima na nini?"

Nikamwona ana maneno mengi.

Alinichora mimi nasaga ulezi kwenye jiwe, na pembeni kigoda cha marehemu mume wangu, kitupu. Nyumbani kwetu kigoda cha mwenye nyumba aliyekufa kinabaki jikoni, hakikaliwi na mtu. Hapo alifanya vizuri. Lakini mimi niliiona picha imepooza, rangi kama kanga iliyofuliwa mpaka ikachoka, basi Sekela alipokwenda sokoni nikachukua flashi yake yenye ile picha nikaipeleka kwa kijana wa studio karibu na mpaka, yule anayewatengenezea Wazambia kadi za harusi, nikamwambia, "Ing'arishe. Pasibaki mahali patupu." Akabonyeza, akahifadhi juu ya ile ya zamani, nikarudisha flashi bila hata kuitazama vizuri (macho yangu na kompyuta hayapatani).

Kesho yake tukaenda Itumba kwenye uzinduzi. Wakafunga mapazia ya ukumbi, wakamulika picha ukutani. Mimi nilikuwa mbele, nimepewa mikrofoni nisalimie kwa Kindali. Nikageuka.

Kwenye kigoda ameketi mzee. Kofia imeshuka, uso umo kivulini, mkono uko gotini, na mkono ule hauna kidole cha mwisho. Mume wangu kidole hicho kilikatwa na mashine ya kusaga, Sekela hajazaliwa.

Na mimi, mwanamke mzima na mvi zangu, nikasema kwenye mikrofoni, "Baba Yona, umeingia saa ngapi? Mbona hukubisha hodi?"

Wifi yangu akapiga yowe. "Nani kamkalisha kaka pale? Nani?" Watu wakakimbilia mlango, mzee mmoja wa kanisa akatoka na kiti kimemnasa koti.

Kiongozi wa kikundi akasema, "Tumfute tu huyo mzee, tuendelee." Haikuwezekana. Kuonekana picha inaonekana, kurekebishika hairekebishiki, inataka programu ya kulipia ya yule kijana. Wakampigia. Akaapa kwamba mzee hakumweka yeye, mashine ndiyo imejaza penye nafasi, na sasa hata yeye imemfungia mpaka alipie upya. Basi mume wangu akabaki ukutani anatutazama mpaka walipochomoa waya.

"Bibi, mashine hizi zinazochora zenyewe hukosea vidole," vijana wakanieleza.

"Sawa. Mbona imekosea kilekile?"

Wakaanza kukunja nyaya.

Sekela hakunigombeza. Alisema tu, "Bibi, ya kwangu haipo tena," akakaa chini pale kwenye sakafu ya ukumbi kama mtu aliyefiwa.

Flashi ya mtu sigusi tena maisha yangu yote. Na kijana yeyote akija kunibishia kuhusu lile sharti lao, namwambia kitu cha wote kichorwe kwa kitu ambacho wote wanaweza kukifungua, na asiyetaka kuelewa aje nimpeleke kwa wifi yangu.

Sekela alichora upya, kwa programu yake huru, na kikundi kikaipokea, iko kwenye simu za watu. Ila safari hii amenichora nimegeuza mgongo, uso wangu hauonekani. Sijamuuliza kwa nini.