Santuri ya Rehani

Enzi zetu pale Kihesa, Iringa, wimbo ulikuwa na mwenyewe. Ukitaka kuusikia ulikwenda kwake, ukapiga hodi, ukasalimia, ukanywa chai hadi chini, ndipo ukasema kilichokuleta. Nyumba zenye gramafoni mtaani kwetu zilikuwa za kuhesabika, na yetu ilikuwa mojawapo, kwa sababu baba alikuwa dereva wa malori na kila safari ya Dar es Salaam alirudi na santuri badala ya vitu alivyoagizwa na mama. Mama alinuna. Alinuna mpaka sindano iguse santuri, kisha yeye mwenyewe akawa wa kwanza kuinuka kucheza.

Wa rika langu mnaikumbuka mashine ile. Ilikula betri kubwa kubwa, na betri zikichoka hatukuzitupa. Tulizianika juani juu ya bati, jioni zikapata nguvu ya nyimbo mbili tatu. Sindano ikianza kurukaruka tuliiwekea sarafu ya senti hamsini mgongoni ikatulia. Santuri ndogo, zile zenye tundu kubwa katikati, zilihitaji kitu cha kuzishikilia, na cha dukani kilipopotea baba alichonga gunzi la mahindi likakaa sawasawa. Gunzi hilo lilitumika miaka. Mwezi wa saba, baridi ya Iringa ikikata masikio, tulirudi kutoka kwenye mchezo wa kombolela miguu imepasuka, tukajibanza karibu na jiko la mkaa tukila kande huku muziki ukiendelea, mama akitupigia kelele: "Sogezeni hiyo mashine huko! Santuri ikipata moto itajikunja kama chapati!"

Mjukuu wangu aliwahi kuniuliza, "Babu, sasa ukitaka kuruka wimbo ulikuwa unabonyeza wapi?" Nikamwambia uliinua sindano, na baba yangu akikuona alikuinua na wewe.

Kukiwa na harusi au kipaimara, nyumba yenye shughuli iliazima santuri za mtaa mzima. Ili zisichanganyike, kila nyumba ilikuwa na alama yake kwenye ile karatasi ya katikati. Yetu ilikuwa msalaba mdogo wa bluu, rangi iliyobaki baada ya kupaka mlango. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mama Atupele, aliweka matone mawili mekundu ya rangi ya kucha. Na kama unaazima kwa siku nyingi, au unaipeleka santuri ya watu mbali, uliacha ya kwako pale ulipoazima. Hiyo tuliiita rehani. Rehani haikupigwa hata mara moja, maana sindano inakula santuri, na cha mwenzio hutunzwa kuliko chako. Ilisimamishwa kabatini ikitazama ukuta, ikangoja mwenzake arudi.

Mama Atupele alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mkubwa wa mwili na wa kicheko. Yeye na mama walikuwa chanda na pete. Walikwenda sokoni pamoja, walitwanga pamoja, waligombana juu ya kuku asubuhi na kufikia mchana wanachambua mboga kwenye ungo mmoja. Alikuwa na santuri moja ambayo sijapata kuisahau. Gitaa linaanza peke yake, polepole, linazunguka kana kwamba linatafuta kiti cha kukalia, ndipo ngoma zinaingia. Nilizoea kuisikiliza nikiwa upande wetu wa ukuta, nimeegemeza sikio kwenye tofali, naogopa hata kupumua.

Kisha mumewe akahamishiwa Mbeya kikazi, na wakati huohuo kaka yake Mama Atupele akawa anaoa. Siku lori linapakia vyombo, Mama Atupele alikuja kuazima santuri aliyoipenda mama kuliko zote, ile yenye saksafoni, aliyocheza na baba siku ya harusi yao. Akaacha ile yake ya gitaa. Namwona hadi leo amesimama mlangoni na kitenge chake cha njano. "Harusi ikiisha tu, Mama Festo, nakuletea mwenyewe kwa mkono wangu," alisema. Mama akamjibu asiwe na haraka. Zilikuja barua mbili tatu, wakahamishwa tena, kukawa kimya.

Mimi nikakua, na ugonjwa wa baba wa santuri ukanihamia. Siku hizi, kila Jumapili mchana, napiga muziki wa dansi wa zamani kwenye bustani moja hapa mjini, wazee wenzangu wanakuja na wake zao, wanacheza mpaka magoti yanagoma. Santuri nazitafuta mwenyewe. Nimezichimbua kwa mafundi redio, kwa wauza vyuma chakavu, kwa walimu wastaafu kule Tosamaganga. Nimezikuta zimefunikia mitungi ya maji. Kule Usangu nilizikuta zimetundikwa kwenye kamba katika shamba la mpunga, zinafukuza ndege, na mwenye shamba, mfugaji aliyehamia kutoka kaskazini, akakataa katakata kuniuzia mpaka mavuno yaishe. Nilirudi mavuno yalipoisha.

Lakini katika kuzunguka kote huko, ile ya gitaa sikupata kukutana na nyingine. Moja tu ndiyo niliyoijua duniani, nayo ilikuwa palepale Kihesa, kabatini kwa mama, inatazama ukuta. Za baba zilikwisha zote, nyingine zilivunjika, nyingine mama aligawa kanisani baba alipofariki. Hiyo hakuigawa. Nilimwomba niipige mara moja tu, nikamwomba hata niifute vumbi.

"Si yetu," alisema. "Leta yetu, upeleke ya wenyewe. Halafu katafute yako."

"Mama, watu wale pengine walishakufa."

"Umewazika wewe?"

Basi nikaamua kwamba nitaileta. Tangu hapo nikawa natafuta tofauti na watafutaji wengine. Mwenzangu akishika santuri anaigeuza kwenye mwanga aone mikwaruzo. Mimi natazama kwanza karatasi ya katikati, nautafuta msalaba wa bluu. Wauzaji wa Iringa na Makambako walinicheka wakaniita Mzee wa Msalaba, na wengine walidhani nimeokoka. Mke wangu alisema ningemtafuta yeye hivyo wakati wa uchumba asingenisumbua kwa posa. Niliwaacha wacheke.

Mwaka huu nilikuwa soko la Mwanjelwa, Mbeya, nimechuchumaa chini ya meza ya redio mbovu, vumbi puani, nikaona matone mawili mekundu. Yalikuwa yamepauka, lakini yalikuwa mawili, yamekaa sambamba kama alivyoyaweka. Nilipogeuza iliyofuata, nayo ilikuwa na matone. Lundo zima lilikuwa la Mama Atupele.

"Hizo nimechukua Uyole mwezi uliopita, mzee wangu," kijana muuzaji aliniambia. "Kwa bibi mmoja, wajukuu zake walikuwa wanasafisha stoo. Wenzio wameshachukua nyingi, zimebaki hizo tu."

Nilizipekua zote, nikazirudia. Msalaba wa bluu haukuwamo. Nilikaa pale chini nikahisi nimechelewa kwa wiki chache tu, baada ya kungoja maisha mazima. Hata hivyo nilimwomba anielekeze nyumba.

Nilimkuta Mama Atupele uani anachambua maharage. Mwili ulikuwa umepungua, kicheko kilikuwa kilekile. Nilipomwambia mimi ni Festo wa Kihesa, alinivuta karibu akanishika sikio kama alivyokuwa akinifanyia nikiiba mapera yake, akaniuliza kama mama yu hai. Nikasema yupo. Akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," mara nyingi, na machozi yakamtoka. Kisha akaingia ndani bila kuniaga, nikasikia sanduku la bati linafunguliwa. Akatoka na kitu kimefungwa kwenye kitenge cha njano. Akakifungua magotini, na msalaba wetu wa bluu ulikuwa pale.

"Zangu waliuza zote hawa watoto," alisema. "Sikuwazuia, ni vitu vyangu. Lakini hii niliwaambia, atakayeigusa tutafikishana kwa mjumbe. Mwenyewe akija nitamwambia nini?"

Nikanyoosha mkono. Akairudisha kwenye kitenge.

"Kwani niliazima kwako, mwanangu? Niliipokea mkononi kwa mama yako. Nitamrudishia mkononi kwake."

Mjukuu wake mmoja, kijana mwenye adabu lakini wa kizazi chake, akatoa simu. "Bibi, si mpigiane video tu? Mnaonana hapahapa."

"Na santuri itapita humo?" Mama Atupele akamuuliza.

Wakampigia mama simu ya kawaida. Yeye na Mama Atupele walipiga kelele kama vile hakuna mtambo unaowasaidia, wakalia, wakatajiana waliokufa. Nilipopewa simu nikamweleza mama msimamo wa mwenzake, nikitegemea aniunge mkono. "Amesema kweli," mama alinijibu. "Nakuja."

Nikarudi Kihesa kumchukua kwa gari langu. Mama yangu, ambaye kwa sababu ya magoti alikuwa haendi mbali zaidi ya kanisani, alivaa gauni lake la kipaimara cha mjukuu, akakaa kiti cha mbele na rehani mapajani. Alikataa iwekwe nyuma. Tulipita misitu ya Mafinga, tukapigwa na upepo wa Makambako, na tulipoteremkia Igawa kwenye joto alianza kuihamisha santuri, jua likiingia kulia anaisogeza kushoto, likija kushoto anaifunika kwa khanga. Hakulala hata kidogo njia nzima. Na mimi niliendesha nikiwa na mpango wangu moyoni: wakirudishiana, ya gitaa itakuwa kwa mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuombwa.

Pale Uyole "Kamwene," salamu ya kwetu Iringa, na "Ndaga" ya mwenyeji ziligongana mlangoni. Kabla hata ya kukaa walishapeana, kila mmoja akaangalia alama yake, akaridhika. Nikafunga mashine yangu barazani. Nikaanza na ya mama. Saksafoni ilipoingia mama alicheza ameketi, kwa mabega tu, macho amefumba, na nilijua hayuko Uyole, yuko ukumbini na baba. Kisha nikaweka ya Mama Atupele. Gitaa likaanza peke yake. Nililia, na sioni haya kuwaambia. Lilikuwa lilelile, ila safari hii hapakuwa na ukuta.

Wimbo ulipoisha nilisafisha koo niombe. Mama Atupele akaniwahi.

"Mama Festo, Desemba mjukuu wangu anaolewa. Niazime hii yako ya saksafoni." Na huku akisema hivyo aliitoa ile ya gitaa kwenye mashine yangu, akaiweka mapajani kwa mama.

Mama aliifunga ndani ya khanga.

"Mama!" nilisema.

"Nyamaza wewe. Mtu akiazima ananyimwa?"

Kwa hiyo tulirudi Iringa na santuri ileile tuliyokwenda nayo. Iko kabatini, inatazama ukuta, na nimekatazwa kuigusa. Wajukuu wananitumia nyimbo kutwa kwenye simu; nasema asante, wananijibu poa, na habari imeishia hapo. Sizikatai, nyingine nzuri. Lakini hakuna hata mmoja aliyepata kuja kunigongea hodi kuufuata wimbo wake, na nyumba yangu imejaa nyimbo za watu ambao hawana haja ya kurudi.

Mama naye kila nikipita ananiuliza gari langu linaendeleaje, na Desemba imebaki miezi mingapi. Jana nimefunga matairi mapya.