Mwavuli wa Bafta

Nilipokuwa mtoto kule Mwera nilichomwa na mwiba wa mkonge kwenye unyayo, ukakatikia ndani. Ncha ya mkonge ni nyeusi, na unyayo wa mtoto wa shamba nao ni mweusi, basi hapo utautafuta mwiba mpaka uchoke. Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyekuwa mtoa miba wa majirani wote. Alinibeba mpaka nje, nikadhani ataniweka juani ili aone vizuri. Wapi. Alinikalisha upenuni, kivulini, mguu wangu akauelekeza ng'ambo ya njia, kwenye nyumba ya yule Mwarabu mwenye minazi. Nyumba ile ilikuwa imepakwa chokaa, na jua la asubuhi likipiga ukuta wake lilirudi kwetu limepoa.

"Jua lenyewe linanipofua," alisema bibi. "Taa yangu ni ule ukuta. Na ukipiga kelele nitaukata huu mguu niupeleke Pangani wauuze kwa kilo."

Nikauma kidole. Akautoa mwiba kwa pini ya kanga, akaupuliza, akanionyesha, kitu kidogo kama kucha ya panya. Mwarabu mwenyewe alikuwa hajui kama ukuta wake unatibu watu. Alikuwa mkali, mbwa wake alimng'ata mjomba, lakini hiyo ni habari nyingine.

Nimekaa na hadithi ya mwiba miaka mingi bila kujua naitunzia nini. Shule niliishia darasa la nne. Nikaja Tanga mjini, nikabeba magunia, nikauza maji ya barafu, mwisho nikaingia studio ya picha kama mfagiaji. Mwenye studio alipochoka akanikodisha chumba pamoja na kamera yake. Basi nikawa mpiga picha wa mtaa wa Ngamiani, na watu wakaniita fundi.

Wakati ule wa shida, vijana wa sasa ukiwaeleza wanakuona muongo. Sabuni foleni, sukari foleni, nguo mpaka duka la kaya, lile la mgao, liletewe, na likiletewa vitambaa basi ni vya rangi moja, mtaa mzima mnafanana kama watoto wa shule. Studioni kwangu nilikuwa na koti moja la kuazima, wateja walilivaa kwa zamu. Nyuma lilikuwa limechanika lote. Picha haina mgongo, hakuna aliyejua.

Filamu nilizipata kwa kubembeleza. Fleshi niliyoachiwa ilikuwa ya kukaa juu ya kamera, inampiga mtu usoni kama kofi. Na wateja walikuwa na ombi moja: "Fundi, nitoe mweupe." Nami niliwatoa weupe. Niliwapaka poda, nikawapiga mwanga wa uso kwa uso, na kule chumba cha giza wakati wa kusafisha nikawapunguzia weusi tena. Walitoka weupe kama waliomwagiwa unga, wakashukuru, wakaondoka.

Mke wangu nilimpiga picha mara moja tu, ilipohitajika picha ya kadi ya chama. Mke wangu alikuwa mweusi, mweusi hasa, ule weusi wa kung'aa, na mimi ndio ulioniingiza kwao kuposa. Nikampiga kama nilivyowapiga wengine. Alipoitazama ile picha hakukasirika. Alicheka kidogo, akauliza:

"Huyu nani?"

"Wewe."

"Huyu kapakwa majivu. Mimi sina dada wa namna hii." Akaichana, vipande akavitia jikoni motoni. "Usinipige tena mpaka ujue kunipiga."

Kadi ilikaa bila picha. Na mimi maneno yale yalinikaa. Nyumba za Tanga zilijaa picha zangu ukutani, maarusi, mahujaji, watoto waliotahiriwa, na kwangu hakuna hata moja ya mke wangu. Nikajiapiza: kazi hii siiachi mpaka nimpate huyu mwanamke kama alivyo.

Miaka ikaenda. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, ikawa ruksa, ukipita madukani unaona vitu vimerudi kama vile vilikuwa safarini. Redio, viatu, maziwa ya kopo. Na kwenye duka moja la vitu vya umeme, la bwana mmoja ambaye babu yake alitoka Bara Hindi, nikaziona fleshi mbili kwenye kabati la kioo.

Moja ilikuwa mpya, kubwa, ndani ya boksi lake, imekuja kwa seti na mwavuli wa studio unaong'aa ndani kama bati. Ya pili ilikuwa kuukuu, imechubuka, baharia aliiuza ili apate nauli.

"Fundi, chukua mpya," alisema mwenye duka. "Inajipima mwanga yenyewe. Wewe unabonyeza tu, unakunywa chai."

Nikaigeuza geuza. "Tajiri, tundu la waya liko wapi?"

"Waya wa nini? Hii inakaa juu ya kamera."

"Na mwavuli je, nao unakaa juu ya kamera?"

Akakuna kichwa. "Mwavuli ni pambo. Mteja akiona mwavuli anaogopa, analipa."

Nikaichukua ile kuukuu. Hii ilikuwa na tundu la waya ubavuni, la kuiwashia mbali na kamera, na swichi ya kupunguza nguvu: nzima, nusu, robo. Nilifungua mlango wa betri kwanza. Fleshi iliyokwisha tumika usiitazame uso, itazame tumbo. Ukikuta kutu ya kijani kwenye vyuma, iache. Ilikuwa safi. Nikatia betri nilizokwenda nazo mfukoni, nikawasha, nikaiweka sikioni. Fleshi nzima hulia mluzi mwembamba kama mbu, unapanda unapanda, kisha kitaa chekundu kinawaka. Ikichelewa sana, imechoka. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka kumi na mbili, ikawaka. Nikaipiga, nikahesabu tena, kumi na mbili. Nikaipiga mara ya tatu.

"Fundi, unanimalizia duka kwa radi!" alipiga kelele mwenye duka huku kafumba macho.

"Nataka hii, na waya wake."

"Na mwavuli?"

Mwavuli ule wa bati sikuutaka hata wa bure. Kitu kinachong'aa kinampiga mtu vilevile, tofauti ni kwamba kofi linatoka pembeni. Nilitaka mweupe usiong'aa, nilitaka ukuta wa chokaa. Hapo ndipo bibi yangu aliponirudia na pini yake. Nilijua sasa: mwanga uende kwanza ukutani, upoe, ndipo uje kwa mtu. Lakini mwavuli mweupe mwenye duka hakuwa nao, na mfuko wangu ulikuwa umekwisha kwa fleshi.

Nyumbani nilikuwa na mwavuli mweusi wa mvua, mkubwa, wa mzee mzima. Ulihitaji bitana nyeupe tu.

Sasa nitasema neno ambalo nimelificha siku nyingi. Mke wangu alikuwa na sanduku chini ya kitanda, na ndani yake bafta nyeupe. Mama yake alifariki katika ile shida yenyewe, nguo ya kumzikia ikatafutwa kwa barua na vibali, ikapatikana pungufu, wakaongezea shuka za watu. Tangu siku hiyo mke wangu alijiwekea sanda yake mwenyewe. Alinunua kidogo kidogo, akaikunja na kafuri, ile dawa ya kunukiza maiti, akafunga sanduku, akalala usingizi. Wanawake wengi wa pwani walifanya hivyo. Mimi nilijua. Sisemi nilidhani ni kitambaa cha kawaida, nilijua. Nilijiambia siku hizi bafta imejaa madukani, nitakata pembeni tu, na nikipata kazi moja ya harusi nitairudisha kabla hajafungua.

Nikakata pande nane, kila moja kama kipande cha chungwa, nikazishona kwa mkono ndani ya mwavuli. Nikafunga fleshi kwenye ufito, ikatazama ndani ya mwavuli badala ya kumtazama mtu. Nikajaribu kwa kuupiga picha mtungi wa maji. Mtungi ulitoka na mviringo wake, unataka kuushika.

Kazi ya harusi ikaja haraka kuliko nilivyoomba. Mwari aliletwa na bibi yake, mtu wa Pangani, mzee mwenye miwani na buibui ya zamani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mtoe vizuri, kasingwa manukato siku saba huyu."

Nikamkalisha, nikaufungua mwavuli karibu na uso wake. Bibi akanyanyua pua. Akanusa kushoto, akanusa kulia.

"Mwanangu, humu mna maiti?"

"Hamna, bibi."

"Mna maiti, au palikuwa na maiti." Akainuka, akausogelea mwavuli, akaisugua nguo kwa vidole viwili. Sijaona vidole vyenye elimu kama vile. "Bafta. Ina kafuri. Wewe mwanamume, umemfunika mwari wangu sanda?"

"Bibi, ni ya mwanga tu..."

"Ya mwanga! Inuka wewe, twende! Manukato ya siku saba yote umeyatia kaburini!"

Walitoka mwari akikimbia na viatu mkononi. Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Mke wangu amekaa kitandani, sanduku liko wazi.

"Umekata wapi?"

"Pembeni."

"Pembeni gani? Mimi nina pembeni?"

Siku mbili alinipikia, akaniwekea sahani, hakunisemesha. Nikiwaambia watu kuwa ningeona heri anipige, hawaamini. Studioni napo hakuja mtu. Mtaa ulishaamua: kwa yule fundi unapigwa picha ya mwisho. Na kule barabara kubwa wengine walikuwa wamefungua duka la picha za rangi, mashine inakutolea saa hiyohiyo. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikiutazama mwavuli wangu, nikijua mambo yamekwisha na yule niliyemwapia bado sijampata, na sasa nimemuudhi katika kitu ambacho mtu haudhiwi.

Siku ya tatu, jua limekwisha kupanda, mlango ukafunguliwa. Mke wangu. Kajifunga kanga zake za siku zote, hakujipaka wanja wala nini.

"Nimekuja kuona nguo yangu inafanya kazi gani."

Nikamwonyesha. Akatia kichwa chini ya mwavuli, akapapasa mshono.

"Umeshona vibaya."

"Nilikuwa na haraka."

"Mwizi siku zote ana haraka." Kisha akakaa kwenye kiti. Akavuta kanga ikakaa sawa begani. "Haya. Piga. Usinitoe mweupe."

"Sikutoi mweupe."

Mwavuli niliusogeza mpaka nusura umguse, juu kidogo ya paji, upande wa kushoto. Mwanga ukiwa mkubwa na karibu, ngozi nyeusi inaunywa taratibu, inaonyesha shavu linapoanzia na linapoishia. Hilo nilishalijua kwa mtungi. Swichi nikaitia nusu. Poda nikaifungia kabatini. Kwenye kamera zilibaki picha tatu. Nikasubiri mluzi upande, kitaa kiwake.

"Tazama hapa."

Hakutazama hapa. Alikuwa anaitazama bafta yake, kwa utulivu, kama mtu anayekagua chumba atakachohamia. Nikapiga.

"Tayari?"

"Tayari."

"Haikuniuma macho," alisema, kama aliyeshangaa.

Sikupiga zile mbili. Niliingia chumba cha giza, naye akangoja nje, namsikia anafagia sakafu ambayo hakuna aliyemwomba aifagie. Karatasi ilipokuwa kwenye dawa mke wangu alianza kuja, kwanza kanga, halafu nywele, halafu uso wote, mweusi, na mng'ao laini kwenye paji na kwenye ncha ya pua. Nikamtoa nje akiwa bado anadondosha maji.

Mke wangu akamtazama yule wa karatasini. Akamsogeza mlangoni, akamtazama tena.

"Huyu mimi," alisema.

Nilikaa chini.

"Na hivi vyeupe viwili machoni?"

"Ni mwavuli. Jicho linashika kile kinacholimulika."

"Kwa hiyo ni ile nguo yangu." Akacheka, kile kicheko kidogo cha zamani. "Basi nimeiona mwenyewe kabla haijaniona. Inuka twende. Utaninunulia nyingine, na dukani nitachagua mimi, wewe utashika mwavuli tu. Si huu. Huu uache."

Nikauacha, umefunguliwa, fleshi imening'inia kwenye waya wake, na kiti kimekaa alivyokiacha. Picha niliiweka katikati ya magazeti mawili ili isikunjike, nikaichukua. Mlango niliurudishia, ufunguo nikautundika msumarini nje, pale nilipouweka kila nilipokwenda kula. Mke wangu alikuwa ameshafika kona ya barabara na hakugeuka kunitazama. Nikamfuata. Huyu nilishampata kama alivyo; studioni sikurudi tena.