Mkono wa Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wa Eldoret wanakimbia mpaka ng'ambo na kurudi na medali. Mimi nikifika dukani kununua uzi nimechoka, na nikirudi nasimulia safari. Nafuma sweta za shule kwa mashine iliyoko sebuleni, kati ya kochi na dirisha. Majirani waliniita Mama Sweta, na sikukasirika, kwa sababu wote waliwavalisha watoto wao sweta zangu.

Mtu wa barabarani alikuwa mke wangu. Alinunua mahindi katika miji ya Ziwa na Moi's Bridge, akayapakia kwenye lori, akaenda kuyauza mbali. Binti yetu alipozaliwa tulikubaliana bila kikao chochote: yeye atafute, mimi nilee. Nikajifunza kusuka nywele. Mistari yangu ya kwanza ilienda kombo kama njia ya shambani wakati wa mvua, lakini mtoto alienda nayo nasari kichwa juu, maana alikuwa bado hajafundishwa aibu.

Halafu mke wangu akaomba talaka. Kwenye karatasi za mahakama alitoa sababu nyingi. Ile ya kweli aliniambia akiwa mlangoni, viatu vimejaa matope.

"Nimechoka kurudi kwa mwanaume ambaye kila siku yuko palepale nilipomwacha."

"Si hiyo ndiyo maana ya nyumbani?" nikamuuliza.

Zamani angecheka. Siku hiyo aliniangalia kama gunia la mahindi lililoingiwa na maji, akaingia chumbani kuchukua nguo zake. Mtoto akabaki kwangu. Nikajua hilo, angalau, halina ubishi. Nilijua vibaya.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Mimi na mke wangu sote tumetoka magharibi, na kwetu mwanaume na mama mkwe wake ni kama nguzo mbili za geti: zinashikilia boma moja lakini hazigusani. Hawapeani mkono. Hawaangaliani usoni. Yeye haingii nyumbani kwa mkwe wake, na wakikutana njiani mmoja anakata kona hata kama kona yenyewe ina mbwa. Hiyo si chuki, ni heshima. Kwa miaka yote ya ndoa yangu nilimjua mama mkwe kwa kitambaa cha kichwa na kwa sauti.

Ile sauti ilikuja getini likizo ya Agosti, asubuhi yenye ukungu. Nilikuwa nimevaa aproni. Nikakimbilia jikoni, nikasimama nyuma ya mlango kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mtoto ndiye aliyetoka.

"Mwambie baba yako nimekuja kukuchukua utembee kwangu," nikasikia mama mkwe akisema pale nje. "Mwambie nitakurudisha Jumapili."

Mtoto akaja mbio mpaka jikoni. "Baba, nyanya anasema—"

"Nimesikia."

"Mbona unanong'ona?"

"Nachunga maziwa yasimwagike."

"Hakuna maziwa, baba."

Nilipaswa kusema hapana. Lakini nani kati yetu amewahi kumkatalia mama mkwe mjukuu? Na ningemkatalia kwa mdomo gani, wakati hata kukohoa mbele yake ni utovu wa adabu? Nikapanga begi. Mtu wa nyumbani hajui kupanga begi dogo: niliweka nguo za kanisa, sweta mbili, mafuta ya nywele, kitana, na lile blanketi la manjano ambalo mtoto hawezi kulala bila kunusa pembe yake. Nikampa abebe. Kupitia upenyo wa mlango nikaona mkono wa mama mkwe ukilipokea begi, ukilipima uzito kidogo, kisha ukungu ukawameza wote wawili.

Jumapili ilifika, nikapika chapati. Zikapoa. Jumapili ya pili sikupika. Nilipompigia mke wangu simu alisema, bila hasira, jambo ambalo lilinitisha kuliko hasira, "Yuko sawa kwa mama. Mengine ongea na wakili wangu."

Kesi ya talaka ilikuwa na foleni yake, lakini suala la mtoto lilipangwa kusikizwa kwanza: akae na nani huku tukisubiri. Mimi sikuwa na wakili. Nilikuwa na kidato cha nne na mdomo. Siku moja kabla ya kwenda mahakamani nilimpigia baba mdogo, nikamweleza kwamba mama mkwe ndiye shahidi wa mke wangu, na kwamba nisipokuwa na wakili nitamhoji mimi mwenyewe.

Baba mdogo akanikatiza.

"Umhoji ukimwangalia?"

"Si ndiyo mahakama inavyotaka?"

"Mwanangu, mahakama itakupa karatasi. Kuna vitu ukivivunja hakuna hakimu wa kuvirudisha. Sema umeugua."

"Nikiugua wanampa mke wangu mtoto."

"Basi nimekwambia," akasema, akakata.

Mke wangu alinikuta kwenye korido ya mahakama akanitazama toka kichwani hadi viatuni. "Umekuja kuachana na mimi ukiwa na suti tuliyofungia harusi?"

"Ndiyo pekee iliyo na tai."

Midomo yake ilicheza kidogo. Kisha akatokea wakili wake, kijana mwenye sauti ya kuhubiri, na ile midomo ikajifunga.

Tuliingia kwenye chumba kidogo, maana kesi za watoto hazisikizwi mbele ya umati. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye kikohozi. Wakili akaanza. Mtoto wa kike, tena mdogo, mahali pake ni kwa mama yake. Baba hana kazi ya kueleweka, na juu ya hayo anaiomba mahakama imwamuru mke ampe matunzo. "Mheshimiwa, mwanaume mzima mwenye mikono miwili!" Nikaficha mikono yangu chini ya meza, kisha nikaona ujinga nikaitoa.

Nikajibu kwamba sheria haikusema mzazi ni yule mwenye lori. Nikasema matunzo ninayoomba ni ya mtoto, si ya kununua tai nyingine. Nikasema mke wangu analala barabarani siku nyingi, kwa hiyo mtoto hatakuwa kwa mama yake, atakuwa kwa nyanya huko Moi's Bridge, mbali na shule yake. Hakimu aliandika. Nikaanza kujiona mtu.

Ndipo wakili akalifungua lile begi. Si begi lenyewe, maneno tu, lakini nililiona.

"Siku mtoto alipoondoka, wewe ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Blanketi analolalia, nani alilipanga?"

"Mimi."

Akamgeukia hakimu taratibu. "Mheshimiwa, mtu akitoa blanketi la mtoto, amemtoa mtoto. Alimtoa kwa hiari yake, na sasa mtoto ameshazoea kwingine. Tunaomba asisumbuliwe. Abaki aliko."

Chumba kilikuwa na baridi ile ya Eldoret inayopanda kutoka sakafuni. Nilielewa ghafla jinsi heshima yangu yote ilivyoandikwa pale: baba hakupinga. Na watu waliosikia neno Jumapili ni watatu tu. Mmoja ni mimi. Mmoja ni mtoto. Wa tatu alikuwa anaingizwa na karani, kitambaa kimeshushwa mpaka nyusi.

Alikula kiapo, akasema aliyotumwa kusema, kwamba baba alimpa mtoto na vitu vyake vyote. Hakudanganya popote. Hakimu akanitazama. "Muulize maswali yako."

Nikasimama. Nikaangalia ukuta, pale penye rangi iliyobambuka. "Mheshimiwa, ningeomba karani amuulize shahidi—"

"Karani si wakili wako. Anahitaji mkalimani?"

"Naelewa Kiswahili," mama mkwe akasema, akiangalia sakafu.

"Basi muulize wewe. Na umuulize shahidi, si ukuta."

Mke wangu alishika ukingo wa meza. Yeye ndiye pekee mle ndani aliyejua ninaambiwa nifanye nini. Akatikisa kichwa, kidogo sana: usifanye. Mpaka leo sijui kama alikuwa analinda kesi yake au ananilinda mimi.

Nikageuka. Nikamwangalia.

Alikuwa na uso wa binti yangu. Hilo hakuna aliyekuwa ameniambia. Paji lilelile, kidevu kilekile chenye kishimo, umezeeshwa tu na jua la Moi's Bridge. Akainua macho, yakakutana na yangu, na nikahisi kitu kikikatika mahali ambapo sikujua pana uzi.

"Mama," nikasema, sauti yangu ikiwa nyembamba kama ya kwaya ya watoto, "ulipokuja kumchukua, ulisema utamrudisha lini?"

Wakili akainuka kupinga. Hakimu akamwashiria akae.

"Nilisema Jumapili," mama mkwe akajibu, bila kuondoa macho kwangu.

Uamuzi ulitoka siku ileile: mtoto arudi nyumbani kwake na shule yake mpaka talaka iamuliwe, na matunzo yatasikizwa baadaye. Wakili akakusanya makaratasi yake kwa kelele. Nilitoka nje nikitembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Binti yangu alikuwa ndani ya pikapu ya mama yake uani. Akaruka chini na blanketi lake, akaning'ang'ania mguu. Nywele zilikuwa zimesukwa vizuri kuliko ninavyosuka mimi. Kisha nikaona kivuli mbele yangu.

Mama mkwe alikuwa amevua kitambaa. Nywele zake nyeupe zilikuwa wazi mbele ya macho yangu, na mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa.

"Habari yako, kijana," akasema.

Si mkwe. Kijana, kama anavyoitwa mtu yeyote sokoni. Nyuma yake mke wangu alisema kwa sauti ya chini, "Mama, usifanye hivyo," lakini mkono haukurudi. Niliupokea. Ningefanya nini? Ulikuwa mkavu na wenye nguvu, na haukuniachia haraka.

"Umeniangalia, na mimi nimekujibu ukweli," akasema. "Basi hatuna tena cha kuheshimiana. Sasa naweza kuja kwako. Naweza kuingia mpaka jikoni."

"Baba," mtoto akauliza tulipofika barabarani, "nyanya amekusalimia? Nyinyi mnasalimiana siku hizi?"

"Siku hizi," nikamjibu.

Hukumu ya mwisho bado. Mtoto anaenda shule, anarudi, namsuka, analalamika. Mashine inanguruma dirishani. Lakini geti likigongwa, huenda ni mama mkwe, sikimbilii tena jikoni. Nazima mashine, namwambia binti yangu aende chumbani, nasimama katikati ya sebule na aproni yangu, nikiangalia kitasa cha mlango.